Dosie iko inatembea: mwongozo wa swali la maandishi kwa waziri, kwa mtu wa Lubumbashi

Swali la kwanza nililosaidia kuandaa lilikuwa na vipengele 11. Lilianza na walimu wasiolipwa, likaenda kwenye paa la shule, vyoo, madawati, balabala inayojaa maji kila mvua, na mwisho kabisa, kwa sababu mzee mmoja wa kamati ya wazazi alishikilia, bei ya unga. Mbunge alitia sahihi. Jibu lilirudi baada ya miezi mingi: karatasi moja, aya mbili. Ukitoa salamu na heshima, lilikuwa linasema kile ambacho kila mtu wa mji huu amekwisha kuambiwa mbele ya dirisha la ofisi: dosie iko inatembea, yaani faili bado linashughulikiwa.

Sikumlaumu sana aliyeandika. Tulimfungulia milango 11 ya kutokea, naye akapita kwenye ule mpana.

Tangu siku hiyo nimeshika dosie nyingine kadhaa, na yale ninayoandika hapa ndiyo ningetaka kuambiwa mapema. Ni kwa kamati za wazazi, vyama vya kartie, sendika, wanafunzi wa sheria wa chuo kikuu, na vijana wanaofanya kazi ya asistan wa wabunge ambao mara nyingi huachiwa kalamu bila kuelezwa kitu.

Tunazungumzia karatasi gani

Kifungu cha 138 cha Katiba ya 18 mwezi wa pili 2006 kinataja njia tano ambazo Bunge la taifa na Seneti wanazo za kupata habari na kuidhibiti serikali, makampuni ya umma na ofisi za umma: swali la mdomo au la maandishi, lenye mjadala au lisilo nao, lisilofuatwa na kura, swali la jambo la wakati huo, kumwita waziri ajieleze, ile tunayoisikia redioni kwa jina la « interpellation », tume ya uchunguzi, na kusikilizwa mbele ya kamati ya bunge. Sheria ya 31 mwezi wa saba 2008 kuhusu uendeshaji wa majimbo inawapa wabunge wa jimbo vyombo vya namna hiyohiyo mbele ya mawaziri wa jimbo.

Swali la maandishi ndilo dogo kuliko yote, na watu hulidharau. Redio haitangazi, hakuna waziri anayetoka jasho mbele ya kamera pale Palais du Peuple, jengo la Bunge kule Kinshasa. Mimi ninalipenda kwa sababu hiyohiyo. Waziri aliyesimama mimbarani anajibu kwa kinywa, na kinywa hakina kashe, ule muhuri wa ofisi. Jibu la maandishi lina sahihi, namba na tarehe. Mwaka unaofuata unaweza kulirudisha mezani na kumwonyesha aliyempokea kiti: mtangulizi wako aliandika hivi.

Ila lina udhaifu mmoja. Ufaransa, ambako Katiba yetu imeazima mengi, mbunge mmoja ana haki ya maswali ya maandishi 52 kwa mwaka, waziri anapewa miezi 2 ya kujibu, na swali na jibu vinachapishwa pamoja katika gazeti rasmi ili kila mtu asome. Kwetu jibu linamfikia mbunge. Ukitaka kuliona, umfuate mbunge. Kwa hiyo kazi yako haiishi siku swali linapotumwa, wala haianzi siku hiyo.

Hatua ya kwanza: mlango ni upi?

Kabla ya kuandika neno hata moja, jiulize nani mwenye jambo hilo mikononi. Ukikosea mlango, utapata jibu la haraka na la adabu sana linalokuambia umekosea mlango.

Katiba imegawa kazi katika vifungu vya 202, 203 na 204: ya serikali kuu peke yake, ya pamoja, na ya jimbo peke yake. Visome, ni kurasa chache. Elimu ya msingi na ya sekondari iko kwenye orodha ya jimbo, kwa kufuata kanuni zilizowekwa na serikali kuu. Lakini mshahara wa mwalimu wa shule ya umma unatoka kwenye orodha ya malipo ya taifa. Basi paa la shule unaweza kulipeleka kwa waziri wa jimbo, kupitia mbunge wa jimbo anayekaa katika lile jengo la 30 Juin lililokuwa teatro ya mji. Mshahara wa mwalimu unakwenda Kinshasa. Katika lile swali letu la vipengele 11 tulikuwa tumechanganya yote mawili kwenye bahasha moja.

Mfano mwingine unaowachanganya watu hapa Katanga ni pesa ya madini. Sheria ya madini ya 2002, ilivyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inaigawa ile « redevance minière », yaani malipo ambayo kampuni inatoa kwa madini inayouza, mafungu manne: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au chefferie ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo. Ukimwuliza waziri wa madini wa taifa « pesa ya sekta yetu imekwenda wapi », atasema kwamba asilimia 15 si yake, na atakuwa na haki. Mwulize kiasi na thamani ya madini ambayo kampuni za eneo lenu zilitangaza mwaka fulani, na kiwango kilichotumika. Kobalti iliwekwa kwenye orodha ya madini ya kimkakati kwa amri ya serikali ya mwezi wa kumi na moja 2018, na redevansi yake ikapanda hadi asilimia 10. Shaba iko kwenye 3.5. Hesabu ya asilimia 15 utaifanya mwenyewe kwa kalkuleta ya simu, kisha utakwenda nayo kwa viongozi wa sekta.

Kuna majimbo ambako mlango wa karibu ulifungwa. Ndugu zetu wa Goma wanalijua hilo tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, « état de siège », yaani utawala wa dharura wa kijeshi, ilipoanza Kivu ya Kaskazini na Ituri: bunge la jimbo likasimamishwa, utawala ukaingia mikononi mwa wanajeshi, na njia ya maswali ikabaki ile ya wabunge wa taifa na maseneta tu.

Hatua ya pili: karatasi kwanza, hasira baadaye

Hapa ndipo tulipojifunza zaidi, na hapa ndipo nitakaa.

Mwalimu mmoja wa darasa la nne ndiye aliyetufungua macho. Tulikuwa tumekaa kwenye vibanko vya watoto, magoti juu, tukibishana kuhusu maneno makali ya kutumia. Yeye akatoa mfukoni kaye la mistari, la kurasa 48, lenye jalada la bluu lililokunjika pembe. Ndani alikuwa ameandika, kwa mkono wa mwalimu wa kweli, kila mwalimu wa shule ile aliyekuwa « nouvelle unité », yaani aliyeanza kufundisha bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo. Safu ya kwanza, tarehe aliyoanza kazi. Ya pili, namba ya barua iliyompeleka shuleni. Ya tatu, tarehe dosie yake ilipowekwa sous-division, ile ofisi ya elimu ya ngazi ya chini. Ya nne, namba ya matrikule, ile inayomtambulisha mtumishi wa serikali, na kwa wengi safu hiyo ilikuwa na kistari tu.

Mama mmoja akasema: « Mwalimu, hii kaye ungeitoa tangu asubuhi, tungekuwa tumeshafika nyumbani kupika bukari. »

Alikuwa na haki. Kaye lile lilikuwa swali tayari, lilikosa tu alama ya kuuliza.

Basi, kabla ya yote, tengeneza kaye lenu. Jambo lolote liwe, weka vitu hivi:

- tarehe jambo lilipoanza, si « tangu zamani »;
- namba na tarehe ya kila barua, arrêté (amri ya waziri au gavana) au noti iliyotolewa, pamoja na ofisi iliyoitoa;
- idadi mliyohesabu wenyewe, mahali mlipohesabu, na siku mliyohesabu;
- fotokopi ya kila akize de resepsyo, yaani ile kopi yenu iliyopigwa kashe mlipopeleka barua.

Kama hamna hata akize moja, simameni hapo. Rudini mwandike barua kwenye ofisi ya chini kwanza: mkuu wa shule, sous-division, kisha PROVED, yaani mkuu wa mkoa wa elimu. Watu huona hii ni kupoteza wakati. Lakini waziri akiulizwa jambo ambalo ofisi zake za chini hazijawahi kuandikiwa, atajibu kwamba huduma zake hazijapata malalamiko yoyote, na mbunge wenu atabaki mdomo wazi.

Na jambo moja ambalo sitaki mlisahau: majina ya walimu yasiingie ndani ya swali. Swali linapita mikono mingi kabla ya kufika kwa waziri, na mikono mingine ni ya watu wanaoweza kumhamisha mwalimu. Andika « walimu 14 wa shule moja ya msingi », na majina yakae kwenye kiambatisho ambacho mbunge anakishika mwenyewe, akitoe tu waziri akiomba.

Hatua ya tatu: pesa imekwama wapi?

Kama jambo lenu halihusu pesa, pitieni hapa haraka. Lakini mara nyingi linahusu.

Pesa ya serikali inapita ngazi nne. Kwanza « engagement »: matumizi yanaahidiwa rasmi. Pili « liquidation »: yanahakikishwa kiasi chake. Tatu « ordonnancement »: amri ya kulipa inatolewa. Nne ni malipo yenyewe. Ngazi mbili za kwanza ziko upande wa Bajeti, mbili za mwisho upande wa Fedha. Sheria ya fedha za umma ya 13 mwezi wa saba 2011 ndiyo inayosimamia safari hiyo.

Faida ya kujua hili? Waziri wa elimu akiandika « orodha tulikwisha kuituma », huenda anasema kweli tupu. Swali la pili linamwendea mwenzake wa bajeti, la tatu wa fedha. Ninyi mkiwa na barua tatu fupi zenye tarehe moja kwa mawaziri watatu, hakuna anayeweza kumtupia mwenzake mpira bila majibu hayo kulinganishwa na mtu mmoja: mbunge wenu.

Wizara ya bajeti hutoa majedwali ya kufuatilia bajeti, yanayoitwa « états de suivi budgétaire ». Ukiyafungua utakutana na safu za pesa iliyopigiwa kura, iliyoahidiwa, iliyoamriwa na iliyolipwa. Kwenye simu yanasomeka kwa taabu. Nendeni kwenye sekretaria yenye printa, chapisheni ukurasa unaowahusu tu. Mstari mmoja wa jedwali hilo, ukinukuliwa ndani ya swali pamoja na mwezi wake, una uzito kuliko kurasa tatu za kilio.

Hatua ya nne: kuandika

Lugha rasmi ya nchi ni Kifaransa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Barua itakwenda kwa Kifaransa. Hata hivyo, andikeni kwanza kwa Kiswahili. Si kwa ajili ya uzalendo. Ni kwa sababu Kifaransa cha ofisi kina mahali pengi pa kujificha, na mwandishi mwenyewe hajui kama amejificha. Someni swali kwa sauti mbele ya mtu asiye na habari za kamati, mama anayeuza mkaa au fundi wa pikipiki. Akiuliza « sasa munataka nini? », swali halijaiva.

Kanuni zangu za kuandika ni chache.

Jambo moja kwa swali moja. Vipengele vitatu au vinne, vyote vya jambo hilohilo. Kuna kamati zinaogopa kwamba nafasi haitarudi, zinapakia kila kitu kama lori la Kasumbalesa. Nafasi inarudi, vikao viwili kwa mwaka.

Kila kipengele kiwe na jibu ambalo ni idadi, tarehe, kiasi, au namba ya waraka. Ukiuliza « serikali inafikiria nini kuhusu hali ya walimu? », umeomba hotuba. Ukiuliza « wangapi? », waziri ana njia tatu tu: atoe namba, akiri hana, au akwepe waziwazi. Zote tatu zinakusaidia.

Usiweke tuhuma. Usiandike « kwa nini mmekula pesa ». Mbunge ana kinga kwa maoni anayotoa katika kazi yake, Katiba inamlinda katika kifungu cha 107. Wewe uliyemwandalia hauna kinga hiyo. Na zaidi ya sheria, tuhuma inampa waziri kitu cha kukasirikia, halafu jibu lote linakuwa hasira.

Taja sheria mara moja, ile inayobeba jambo. Kwa shule ya msingi ni kifungu cha 43 cha Katiba: elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Bure hiyo ilianza kutekelezwa mwaka wa shule ulioanza mwezi wa tisa 2019. Inatosha. Swali lenye vifungu tisa linanukia mwanafunzi anayetafuta pointi.

Huu hapa mfano, kama tulivyouandika mara ya pili, kabla ya kuupeleka kwenye Kifaransa. Mahali palipoachwa wazi mtajaza yenu:

*Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Taifa na Uraia Mpya,*

*Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi ni ya bure katika shule za umma. Katika komini ya ……, mji wa Lubumbashi, walimu …… wa shule …… za msingi za umma wanafundisha bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo, wa kwanza wao tangu tarehe ……. Dosie zao zilipokelewa sous-division kwa barua namba …… ya tarehe …….*

*Ninaomba mnijulishe kwa maandishi:*

*1. Kati ya walimu hao, dosie ngapi zimefika wizarani, na zilipokelewa tarehe gani?*

*2. Ngapi zimekwisha kuhakikiwa, na ngapi zimekataliwa, kwa sababu ipi?*

*3. Mstari upi wa bajeti ya mwaka huu umewekwa kwa kuwaingiza walimu wapya kwenye malipo katika mkoa wa elimu wa Haut-Katanga 1, na ni kiasi gani kimekwisha kutumika hadi tarehe ya jibu lenu?*

*4. Ni waraka upi, wa namba na tarehe ipi, unaomwongoza mkuu wa shule wakati huu ambapo mwalimu hajalipwa na mzazi haruhusiwi kudaiwa?*

Kipengele cha nne ndicho ninachokipenda. Wazazi wote wanajua kinachofanyika: mwalimu asiyelipwa anakula kwa kitu fulani, na kitu hicho hutoka kwa mzazi kwa jina la « mchango ». Hatukusema hivyo. Tuliuliza waraka. Kama upo, tutausoma. Kama haupo, kutokuwepo kwake kutakuwa kumeandikwa na wizara yenyewe.

Yote yakae kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa wa pili hausomwi, wanaousoma ni wanaotafuta kosa.

Hatua ya tano: mbunge gani?

Bunge la taifa lina viti 500. Mwongozo mwingi husema « mwandikie mbunge wako », kana kwamba yuko mmoja na anakusubiri. Lubumbashi ina kadhaa, na Haut-Katanga ina maseneta 4. Chagueni kwa akili.

Tazameni kwanza kamati yake. Jambo la shule linakaa vizuri kwa mbunge wa kamati ya Sosyo-Kulturel, jambo la pesa kwa aliye ECOFIN, kamati ya uchumi na fedha. Aliye ndani ya kamati anakutana na waziri husika mara nyingi, na anaweza kumnong'oneza « lile swali langu? » ukumbini. Upinzani au wengi, yaani wale wanaoiunga mkono serikali? Watu hukimbilia upinzani. Sijaona kwamba ni bora kila mara. Wa upinzani anaandika haraka. Wa upande wa wengi anajibiwa haraka. Kama jambo ni la hesabu na si la siasa, mimi humwendea wa upande wa wengi.

Seneta naye anaweza kuuliza, kwa kifungu kilekile cha 138. Hawezi kumwangusha waziri, kazi hiyo ni ya Bunge la taifa peke yake, lakini kwa swali la maandishi hilo si kitu.

Kifungu cha 101 kinasema mbunge anawakilisha taifa na kwamba mandati ya kulazimishwa ni batili. Kwa lugha ya kwetu: huwezi kumwamuru. Swali ni lake, sahihi ni yake. Ninyi mnampelekea chakula kilichopikwa, yeye anakula au anaacha. Ndiyo maana barua iwe tayari kwa Kifaransa, safi, kwenye karatasi na kwenye kidude cha USB, pamoja na kiambatisho. Nimeona wabunge wakikubali dosie kwa sababu moja tu: ilikuwa haiwaongezei kazi.

Asistan wake ni mtu wa kuheshimu. Ukimwita « kijana wa Mheshimiwa » mbele ya watu, dosie yako itajua usingizi.

Hatua ya sita: saa na kalenda

Vikao vya kawaida ni viwili: cha kwanza tarehe 15 mwezi wa tatu hadi 15 mwezi wa sita, cha pili tarehe 15 mwezi wa tisa hadi 15 mwezi wa kumi na mbili. Kile cha mwezi wa tisa kinamezwa na bajeti. Swali la kawaida lipelekeni kikao cha mwezi wa tatu, na wiki za mwanzo, si mwisho. Swali linalohusu mstari wa bajeti ndilo lifae mwezi wa tisa, wakati mawaziri wanahitaji kura za wabunge na wanajibu kwa upole zaidi.

Katikati ya vikao mbunge anatakiwa kurudi kwa waliomchagua na kuandika ripoti ya likizo yake ya bunge. Huo ndio wakati wenu. Mkamateni Lubumbashi mwezi wa pili au mwezi wa nane, si Kinshasa. Nauli ya ndege mtaibakiza.

Mkipiga simu Kinshasa, kumbukeni wako nyuma yetu kwa saa moja. Saa mbili asubuhi ya hapa ni saa moja kwao, na hakuna mtu ofisini. Nimesikia watu wakilalamika « hawapokei simu » kumbe mfagizi ndiyo kwanza anafungua mlango.

Kila bunge linaandika kanuni zake za ndani, na Korti ya Katiba inazipitia kabla hazijatumika. Muda wa waziri kujibu na njia ya kuweka swali vimeandikwa humo. Mwombeni asistan kopi ya kanuni za bunge lililopo sasa, msitumie ile ya bunge lililopita ambayo rafiki anayo kwenye simu.

Hatua ya saba: kulifuata swali njiani

Mbunge hatumi swali moja kwa moja kwa waziri kama barua ya mwaliko wa harusi. Linapita kwenye Biro ya bunge, yaani uongozi wake, na kutoka huko linakwenda serikalini. Maswali mengi yanayosemekana « hayakujibiwa » hayakuwahi kutoka.

Kwa hiyo ombeni vitu viwili vya asistan, na msichoke kuviomba: namba ya kuingia kwenye sekretaria ya Biro, pamoja na tarehe, kisha tarehe ya kufika wizarani. Andikeni kwenye kaye lilelile la bluu. Msikubali « tulikwisha kutuma ». Picha ya kopi yenye kashe, iliyopigwa kwa simu, inatosha.

Wakati huohuo, pelekeni petisyo yenu wenyewe. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tena kinasema mtu asishitakiwe kwa kufanya hivyo. Petisyo na swali zikibeba vipengele vilevile, mna saa mbili zinazopiga, na moja iko mkononi mwenu bila kumtegemea mbunge.

Hatua ya nane: jibu limekuja, au halikuja

Likija, msilisherehekee bado. Chukueni swali na jibu, wekeni pembeni kwa pembeni, na kalamu mkononi. Kila kipengele, alama moja kati ya tatu: kimejibiwa, kimejibiwa nusu, kimerukwa. Maneno kama « hatua zinaendelea kuchukuliwa » ni kurukwa, hata yakiwa mistari kumi. Yaliyorukwa ndiyo swali lenu linalofuata, fupi zaidi, likitaja namba ya jibu la kwanza.

Namba mkipewa, zilinganisheni na kaye. Wizara ikisema dosie 9 na ninyi mlihesabu 14, ugomvi wote sasa uko kwenye dosie 5, na dosie 5 zinaweza kutafutwa na mtu mmoja kwa siku moja, ofisi kwa ofisi. Hapo ndipo nilipoona faida ya kazi hii yote. Hatukuwa tena tunapigana na « serikali ». Tulikuwa tunatafuta bahasha.

Lisipokuja, muda wa kanuni ukapita, mbunge aandike barua ya kukumbusha, aya moja. Likikosa tena, aliweke kama swali la mdomo lenye mjadala, ambalo sasa lina nguvu kwa sababu kuna karatasi mbili zisizojibiwa. Baada ya hapo kuna interpellation, na mwisho kabisa moshoni, yaani hoja ya kumwondolea imani, dhidi ya waziri, ambayo inahitaji sahihi za sehemu moja ya kumi ya wabunge, yaani 50. Dhidi ya serikali yote ni robo, yaani 125. Watu wanakumbuka tarehe 27 mwezi wa kwanza 2021, serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba ilipoangushwa kwa kura 367. Lakini ile ilikuwa vita ya wakubwa. Kwa walimu 14 wa shule moja msiote moshoni. Mbunge akianza kuitaja mbele yenu, mara nyingi anatafuta kitu kingine, na kaye lenu litakuwa kisingizio.

Jibu lolote mtakalopata, lisomeni uani mwa shule, kwa Kiswahili, siku ya mkutano wa wazazi, kabla halijazunguka kwenye WhatsApp likiwa limekatwa katikati. Fotokopi moja kwa mkuu wa shule, moja kwa sous-division kwa akize, moja ibaki kwa kamati. Ile ya kamati tuliweka ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu ya mvua, pamoja na kaye la bluu. Mwalimu wa darasa la nne ameanza kaye la pili.